Mawasiliano yaliijengaje jamii ya binadamu: kasi ya ujumbe, kumbukumbu, au jibu linalorudi?

#1 Ukindu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mada nyingi za mawasiliano huishia kwenye simu na intaneti, kana kwamba kabla ya hapo watu waliishi kimya. Naomba tuichambue kwa undani: mawasiliano yalifanya kazi gani hasa hata vikundi vya watu wachache vikawa miji, dola na masoko yanayozunguka dunia?

Naanza na msimamo wangu, mkiweza uvunjeni. Kwangu kipimo kikuu ni kasi. Kwa sehemu kubwa ya historia, habari ilikwenda kwa mwendo wa mguu, farasi au tanga. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anaeleza kuwa Barabara ya Kifalme ya Waajemi, kutoka Sardis hadi Susa, ilimchukua mtembea kwa miguu siku 90. Kwa hiyo mfalme aliweka vituo njiani, kila mjumbe akikimbiza farasi wake hadi kituo kinachofuata na kumkabidhi mwenzake. Dola iliishia pale amri ilipoweza kufika kabla haijapitwa na wakati.

Na habari ikichelewa, watu hufa. Mkataba wa amani kati ya Marekani na Uingereza ulisainiwa Ghent, Ulaya, tarehe 24 Desemba 1814. Tarehe 8 Januari 1815 majeshi ya nchi hizohizo yakapigana New Orleans, Marekani, na upande wa Waingereza peke yao wakaangamia, kujeruhiwa au kutekwa watu zaidi ya 2,000. Mkataba ulikuwa bado uko baharini.

Karibuni. Ombi langu moja: tuweke maelezo ya jinsi mambo yalivyofanya kazi, tusiishie kwenye "mawasiliano ni muhimu".

#2 Kalamu ya Mwanzi

Mkuu Ukindu, mfano wako wa New Orleans una tundu. Mkataba wenyewe ulisema vita vitakoma baada ya pande zote mbili kuuidhinisha, na Marekani iliuidhinisha Februari 1815. Kwa hiyo hata kama habari ingefika kwa saa moja, kisheria vita vilikuwa bado vinaendelea. Kasi ilikuwa sehemu tu ya tatizo.

Mimi naweka kumbukumbu mbele ya kasi. Tazama Mesopotamia, Iraki ya leo. Kwa maelezo ya mtafiti Denise Schmandt-Besserat, mambo yalianza na vidongo vidogo vya hesabu, tangu miaka ya 8000 KK hivi: koni, tufe, kisahani, kila umbo likisimamia kitu na kipimo chake. Baadaye vidongo hivyo vikafungiwa ndani ya tufe la udongo lenye uwazi, juu likapigwa mihuri ya wahusika. Usalama ulipatikana, ila huwezi kujua kilichomo mpaka ulipasue. Suluhisho likawa kukibonyeza kila kidongo kwenye ngozi ya tufe, likiwa bado bichi, kabla ya kukifungia ndani. Ukishakuwa na alama nje, vya ndani vina kazi gani? Likabaki bamba la udongo lenye alama tu. Kufikia mwaka 3200 KK hivi, mjini Uruk kulikuwa na maandishi ya kiofisi.

Na waliandika nini? Mashairi yalikuja karne nyingi baadaye. Mabamba ya mwanzo mengi mno ni hesabu za shayiri, bia, kondoo na posho za vibarua. Sehemu iliyobaki ni orodha za maneno za kuwafundishia waandishi wapya, na hilo nalo ni jambo kubwa: alama ni bure kama anayezisoma hakufundishwa alama zilezile.

Udongo wenyewe ulikuwa sehemu ya mfumo. Unasafishwa uchafu na kokoto, unafinyangwa bamba la kutosha kiganja, unaandikwa kwa mwanzi uliochongwa wakati bado una unyevu. Ukishakauka huwezi kuongeza tarakimu bila kuacha jeraha linaloonekana. Mabamba mengi hayakuchomwa kabisa, yalianikwa. Majengo yalipoteketea kwa moto ndipo yakaiva kama matofali, na ndiyo maana baadhi yake tunayo leo.

Kabla ya hapo deni liliishi vichwani mwa watu wawili. Mmoja akifa au akikana, limekwisha. Likiandikwa, linaweza kudaiwa na mtu wa tatu, kurithiwa, kukaguliwa na ofisa ambaye hakuwepo. Hapo watu wasiojuana wakaanza kushirikiana kwa maelfu.

#3 Mbiu

Ndugu Kalamu, nakubali kuhusu hesabu, ila nisingependa msomaji aondoke akidhani jamii zisizoandika zilikuwa na mawasiliano dhaifu. Mbinu ambazo wahandisi walikuja kuziwekea hesabu katika karne ya 20, watu wa simulizi walikuwa nazo tayari.

Chukua ngoma za Walokele wa Kongo, ambazo John Carrington alizichunguza na kuziandika mwaka 1949. Gogo linachimbwa kupitia mpasuo mwembamba, kingo mbili za mpasuo zinaachwa na unene tofauti, ukingo mmoja unatoa sauti ya juu na mwingine ya chini. Lugha yao ni ya toni, yaani sauti kupanda au kushuka hubadili maana ya neno, kwa hiyo ngoma inabeba toni za maneno. Konsonanti na irabu zote zinapotea. Matokeo yake maneno kadhaa yanalingana kabisa kwenye ngoma: neno la mwezi na neno la kuku yote yana toni mbili za juu.

Mpigaji hufanya nini? Hapigi neno moja. Anapiga kifungu kizima kilichozoeleka, mwezi unapewa maelezo yake ya kuitazama dunia chini, kuku anapewa maelezo yake ya mlio. Kifungu kirefu kina mfuatano wa toni usiofanana na kingine, na msikilizaji aliye kilomita kadhaa mtoni akikosa mapigo mawili matatu bado anaelewa. Ujumbe unakuwa mrefu mara kadhaa kuliko usemi wa kawaida. Wageni waliona ni maneno mengi ya bure. Kumbe urefu huo ndio unaoufikisha ujumbe salama.

Wasomaji wa Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu, huko India walitumia njia nyingine kwa lengo lilelile. Mwanafunzi hasomi aya moja kwa moja tu. Anayafunga maneno kwa mpangilio: kwanza 1-2, 2-1, 1-2-3, 3-2-1, 1-2-3, kisha anaanzia neno la pili na kuendelea hivyo. Neno likidondoka au likihamishwa, mpangilio unakatika mdomoni papo hapo na wenzake wanasikia. Na katika elimu ya hadithi za Mtume, msimulizi hutakiwa kutaja sanad, mlolongo mzima wa waliopokezana, na kila jina kwenye mlolongo huchunguzwa: aliishi lini, alikutana kweli na aliyemtaja, anajulikana kwa ukweli na hifadhi nzuri? Huo ni ukaguzi wa chanzo, tena mkali.

#4 Fundi_Kebo

Nakazia bandiko la Mbiu, maana hapo ndipo roho ya uhandisi wa mawasiliano ilipo. Kila njia ina kelele, na kelele hushindwa kwa kuongeza maneno kuliko yanayohitajika kwa maana peke yake. Mwanahisabati Claude Shannon aliliwekea jambo hili hesabu mwaka 1948: kila njia ina kikomo chake, ukisukuma taarifa chini ya kikomo hicho unaweza kupunguza makosa kadiri unavyotaka kwa kuipanga vizuri, ukizidisha huwezi.

Sasa kasi, mkuu Ukindu. Kasi bila kuelewa njia yako inaunguza mitambo. Kebo ya kwanza ya telegrafu chini ya bahari ya Atlantiki ilikamilika Agosti 1858. Salamu za Malkia Victoria, maneno 98, zilichukua saa 16 kupita. Kwa nini? Waya wa shaba uliofunikwa kwa utomvu wa gutta-percha na kuzungukwa na maji ya chumvi unahifadhi chaji. Unatuma pigo fupi lenye kingo kali, upande wa pili linafika limetapakaa, linamwagikia pigo linalofuata. Ukiharakisha, mapigo yanachanganyika yasisomeke.

Wildman Whitehouse, aliyesimamia umeme wake, aliamini dawa ni nguvu zaidi, akaisukumia kebo kiasi cha volti 2,000. Kebo ilikuwa na kasoro tangu kutengenezwa na kutandazwa, na volti hizo zikaimaliza. Ilidumu wiki chache tu. Mwanafizikia William Thomson alifuata njia ya pili: tumia umeme mdogo, boresha masikio. Kipimo chake kilikuwa na kioo kidogo sana kilichobandikwa sumaku na kuning'inizwa kwa uzi mwembamba. Mkondo dhaifu ukipita, kioo kinageuka kidogo, na nuru inayoakisiwa inasogea kwenye ubao wa vipimo. Kebo ya 1866 ilikuwa na shaba nyingi na kifuniko kinene zaidi, ikapitisha kiasi cha maneno 8 kwa dakika na ikaendelea kufanya kazi.

Msimbo wa Morse, wa nukta na vistari vya telegrafu, nao umejengwa kwa akili ileile. Alfred Vail, mshirika wa Morse, alikwenda kuhesabu herufi za risasi kwenye visanduku vya wachapaji wa magazeti aone zipi zinatumika sana. E, inayoongoza kwa Kiingereza, ikapewa nukta moja. Kwa kipimo kinachotumika hadi leo, kistari ni nukta 3, pengo ndani ya herufi ni nukta 1, kati ya herufi 3, kati ya maneno 7. Anayejifunza huharibu zaidi kwenye mapengo kuliko kwenye nukta: akibana pengo la 3 likawa 1, nukta ya E na kistari cha T vinaungana kuwa A.

#5 Ukindu

Mambo ni moto. Lakini nikiuliza upande wa uchumi, bado naona kasi ndiyo iliyoleta utajiri. Kuna ushahidi uliopimwa, siyo simulizi?

#6 Bint Soko

Upo, na ni mzuri. Mchumi Robert Jensen alichapisha mwaka 2007 utafiti wa wavuvi wa dagaa wa Kerala, India. Simu za mkononi ziliingia pwani hiyo kwa awamu, eneo baada ya eneo, kati ya 1997 na 2001, kwa hiyo aliweza kulinganisha waliopata mtandao na waliokuwa bado.

Kabla ya simu, mvuvi alirudi kwenye soko la kwao bila kujua bei ya kwingine. Samaki hawangoji na mafuta ya boti ni ghali, kwa hiyo hakuweza kuzunguka. Siku hiyohiyo ufuko mmoja ulikuwa na samaki wanamwagwa kwa kukosa wanunuzi, na ufuko wa jirani wanunuzi wanarudi mikono mitupu. Kiasi cha asilimia 5 hadi 8 ya samaki wa siku walikuwa wakiharibika. Minara ilipowashwa, mawimbi yalifika kilomita 20 hadi 25 baharini, na mvuvi akaanza kupiga simu akiwa bado majini. Upotevu ukaisha karibu wote, bei za masoko zikakaribiana, faida ya wavuvi ikapanda kwa wastani wa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka asilimia 4. Pande zote mbili zilinufaika, jambo ambalo ni nadra kwenye biashara.

Ila tazama kwa makini kilichofanya kazi, ndugu Ukindu. Redio nayo ni ya kasi hiyohiyo. Kilichobadilisha soko ni kwamba mvuvi aliweza kuuliza na kujibiwa: una wanunuzi wangapi, boti ngapi zimeshafika, unanipa kiasi gani nikija na ndoo hizi? Bei inayosomwa redioni asubuhi imeshakufa mchana. Na masharti mengine yalikuwepo tayari: boti yenye injini, fukwe zaidi ya moja zinazofikika, mnunuzi anayelipa papo hapo. Ukiweka simu mahali ambapo mvuvi amefungwa na mkopo wa mnunuzi mmoja, simu haitamfungua.

#7 Zamu ya Usiku

Bint Soko umegusa penyewe. Jibu linalorudi ndilo linalotofautisha kutuma na kuwasiliana. Mfano mkali ni uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili aina ya 747, ya shirika la KLM la Uholanzi na ya Pan Am la Marekani, ziligongana kwenye ukungu, watu 583 wakafa.

Dakika ile ya mwisho inafaa kusomwa na kila anayeongoza watu. KLM ilikuwa imepewa maelekezo ya njia ya kufuata angani, haikuwa imepewa ruhusa ya kuruka. Rubani msaidizi akatamka maneno ambayo yangeweza kumaanisha "tupo tayari" au "tumeanza kuruka". Mnara ukajibu "sawa", kisha ukaongeza wasubiri. Sekunde hizohizo Pan Am nao wakasema bado wako kwenye njia ya kurukia. Redio ile inabeba sauti moja kwa wakati mmoja; mbili zikigongana hutoa mlio mkali. Ndani ya KLM walisikia "sawa" waziwazi, kisha mlio. Fundi wa ndege akauliza kama Pan Am kweli wametoka njiani. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba wametoka, na ndege ikaendelea.

Hesabu makosa: tamko lenye maana mbili, "sawa" isiyosema sawa ya nini, njia iliyozibwa bila mtumaji kujua, na swali la mdogo lililozimwa na cheo. Hakuna hata moja lililotokana na ujumbe kuchelewa.

Baada ya hapo taratibu zilikazwa. Neno la kuruka hutamkwa tu ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa; kabla ya hapo hutumika neno lingine. Rubani husoma tena maagizo muhimu kwa maneno yake yote na namba zake zote, na muongozaji husikiliza na kusahihisha. Wafanyakazi wa ndege wakaanza kufunzwa jinsi ya kumpinga kapteni kwa adabu na kwa uwazi.

Hospitali zilichota humohumo. Orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, ya 2008, ina vipengele 19 katika vituo vitatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Kimojawapo ni kila mtu kujitambulisha kwa jina na kazi yake, maana aliyekwisha kusikika mara moja huona wepesi wa kusema tena mambo yakienda kombo. Katika hospitali 8 za majaribio vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine kutoka 11 hadi 7. Lakini utafiti wa hospitali 101 za Ontario, Kanada, uliochapishwa 2014, haukuona upungufu wa maana, ingawa hospitali ziliripoti kuitumia karibu kila mara. Mimi naisoma hivi: alama ya tiki haisemi kama watu waliongea.

#8 Mwanagenzi

Naweka kambi hapa. Swali kwa wakongwe: mnazungumzia maandishi, ngoma na simu, lakini lugha yenyewe jamii inaipataje?

#9 Mbiu

Kuna mahali ilionekana ikizaliwa. Nikaragua, watoto viziwi wengi waliishi majumbani wakitumia ishara za kubuni na ndugu zao, kila nyumba na zake. Shule yao ikafunguliwa Managua mwaka 1977, na miaka michache baadaye ikaongezwa ya ufundi. Walimu walikazania kusoma midomo na Kihispania, bila mafanikio makubwa. Uwanjani na kwenye mabasi watoto wakaanza kuunganisha ishara zao. Kundi la kwanza lilipata mfumo wa kutosha kuelewana. Waliowafuata, wakiwa wadogo zaidi, ndio walioupa sarufi iliyokazwa, mfano kutumia mahali pa ishara hewani kuonyesha nani amemtenda nani. Hakuna aliyewafundisha. Ilitakiwa idadi ya watoto wanaokutana kila siku, na kizazi kipya kinachoingia kila mwaka.

#10 Kalamu ya Mwanzi

Turudi kwenye dola kidogo, maana Ukindu alianza na wafalme. Amri kushuka chini haraka ni nusu ya mawasiliano ya serikali. Nusu ya pili ni ukweli kupanda juu, na hapo ndipo dola huangukia.

China, 1958 hadi 1961. Viongozi wa ngazi za chini walishindana kuripoti mavuno makubwa kuliko yaliyokuwepo, kwani aliyesema ukweli alionekana mpinzani. Serikali ikakata sehemu yake ya nafaka kutokana na takwimu hizo. Kama umeripoti magunia mara mbili ya uliyovuna, na serikali inachukua theluthi ya ulichoripoti, basi imechukua theluthi mbili ya ulichonacho. Njaa ile iliua makumi ya mamilioni ya watu. Simu na reli zilikuwepo. Mchumi Amartya Sen ametumia mfano huu kujenga hoja kwamba palipo na magazeti huru na wapinzani wanaoweza kusema, njaa kubwa hugunduliwa na kushughulikiwa kabla haijafika huko.

#11 Ukindu

Nimeelewa mnapopiga. Basi mtusaidie na utekelezaji: chama, shirika au ofisi yenye matawi kadhaa ifanye nini kesho asubuhi?

#12 Zamu ya Usiku

Naandika ninayoyajua kwa ufupi.

Agizo lolote liwe na vitu vinne: nani anafanya, nini, mwisho lini, na atamjulisha nani akimaliza au akikwama. Likiwa na "tunaomba mlishughulikie" bila jina, kila mmoja atadhani ni la mwenzake. Jina liwe moja. Wakiwekwa wawili, kila mmoja humtegea mwingine.

Mpokeaji alirudishe kwa maneno yake: "Nahesabu vifaa vya tawi la pili, napeleka orodha kwa mhasibu Ijumaa saa nane." Usikubali "sawa", "poa" wala alama ya dole gumba. Alama mbili za kusomwa kwenye simu zinathibitisha kioo kilifunguka tu. Usiulize "umeelewa?", kwa sababu mbele ya mkubwa jibu huwa ni ndiyo, uliza "utaanza na kipi?"

Kwenye kikao, aliye mdogo kwa cheo aseme kwanza, mwenyekiti mwisho. Mwenyekiti akitangulia kutoa maoni, yanayofuata ni mwangwi. Maamuzi yasomwe kwa sauti kabla watu hawajainuka, kwani muhtasari unaosambazwa wiki ya pili hukuta kila mmoja ana maamuzi yake kichwani.

Taarifa mbaya iwe na njia isiyopita kwa anayeumbuliwa nayo. Na ya kwanza ikiletwa, angalia unavyompokea aliyeileta. Wengine wote wanatazama hapo, na watachagua kusema au kunyamaza kwa miaka kadhaa kutokana na siku hiyo moja.

#13 Fundi_Kebo

Naongeza moja kwa Zamu: vipimo. Mars Climate Orbiter, chombo cha anga cha Marekani kilichotumwa sayari ya Mirihi, kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa nguvu za msukumo kwa pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Tofauti ni mara 4.45 hivi, na chombo kikapita karibu mno na sayari. Namba zilifika zote, hakuna hata moja iliyopotea njiani. Kwenye fomu zenu za matawi, kipimo kiandikwe ndani ya kila safu, siyo kwenye maelezo ya ukurasa wa kwanza, na tarehe iandikwe mwezi kwa herufi. 03/04 ni siku mbili tofauti kwa watu wawili.

#14 Bint Soko

Na jumla iandikwe na tawi lenyewe, kisha makao makuu waijumlishe upya kutoka kwenye mistari. Zikitofautiana, anayepokea apige simu siku hiyohiyo kabla ya kusahihisha. Akisahihisha kimyakimya, tawi litarudia kosa lile mwezi ujao.